Shakwe Niliyemfuta

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwa kifutio. Nilimfuta ndege.

Nililikumbuka juzi kwa sababu ya harufu. Mpwa wangu alikuwa amekaa mezani akifuta hesabu za shule, akifuta kwa nguvu mpaka meza inatikisika, na ile harufu ya mpira uliopata moto ikanijia puani kabla sijajua ni ya nini. Harufu ya mpira, ya karatasi iliyochubuka, na kwa mbali, ya sabuni ya kufulia. Nikaiweka chini simu niliyokuwa nikiifungua. Kutengeneza simu ndiyo kazi yangu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuziharibu nyingi. Na pale pale nikawa niko juu ya ploti yetu Kayole, nina miaka kumi na mmoja, kifutio mkononi.

Ploti yenyewe, jengo la vyumba vya kupanga, ilikuwa na ghorofa nne, na juu kabisa palikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia nguo: kamba za nguo, matangi mawili ya maji, na ukuta uliomfika mtoto kifuani. Ukisimama kwenye ukuta huo ukatazama upande wa Njiru, uliliona timbo la zamani, shimo kubwa ambamo watu walichimba mawe ya kujengea mpaka wakakutana na maji, wakaacha. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kabisa, ilhali kote kuzunguka ni kelele za kuchomelea vyuma na za wahubiri wenye vipaza sauti. Mama alikuwa ameapa kwamba atakayeonekana ukingoni mwa timbo atajuta kuwa na miguu. Kwa hiyo tulilitazama kutoka juu, tukiwa tumejificha jua katikati ya mashuka ya watu.

Nikisema sisi, nina maana mimi na Zuleha. Wao walikaa ghorofa ya pili. Mama yake aliuza mitumba sokoni Gikomba, mashati ya wanaume, na Jumamosi asubuhi chumba chao kilijaa mashati yaliyopangwa kumi kumi, hata ukitaka kupita unaomba njia. Zuleha alinizidi miezi minne na kila kitu kingine. Aliniita Karani, kwa sababu nilitembea na kalamu ya risasi sikioni, rula mfukoni na kifutio kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni kisipate uchafu.

Kila mwaka, mvua fupi zilipokaribia, timbo lilipata wageni. Asubuhi moja unaona maji matupu, kesho yake unaona bata wenye midomo mipana kama vijiko, wamezungukana katikati ya maji kama watu wanaotafuta ufunguo ulioanguka. Pembezoni vitwitwi walikimbia matopeni kwa hatua fupi fupi, wakisimama ghafla, wakikimbia tena. Mwalimu Nafula, aliyeongoza chama cha mazingira shuleni kwetu, alitueleza kwamba hao wamekimbia baridi ya nchi za kaskazini, wengine wakiifuata pwani, wengine wakiruka juu ya bara kutoka ziwa hadi ziwa, na wakichoka wanatua popote penye maji. Mimi nilifurahi sana kwamba timbo letu limo katika hiyo popote.

Tulikuwa na daftari moja la ndege, majina yetu mawili kwenye jalada. Zuleha aliona, mimi niliandika. Mgawanyo huo ulionekana wa haki, maana mwandiko wangu ulisifiwa na walimu na wake ulifanana na kuku aliyefukuzwa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu yeyote. Mimi wale ndege sikuwaona vizuri. Niliona vitu vinavyosogea. Bata kwangu alikuwa doa la kahawia, kitwitwi alikuwa kama mtetemo fulani kwenye tope. Nilidhani watu wote wanaona hivyo na kwamba wenzangu ni hodari tu wa kubahatisha. Kwa hiyo nami nilijitahidi. Nilikuwa na kitabu cha ndege kilichonunuliwa Gikomba, cha zamani, kimepoteza jalada, na Zuleha aliponiambia "bata domo-kijiko", mimi nilikifungua kitabu na kunakili: macho ya njano, miguu ya rangi ya chungwa, bawa lina buluu. Mwalimu Nafula alisoma maelezo hayo darasani akasema, "Mwaona mtu anayetazama kwa makini." Nilifurahi, halafu sikulala vizuri siku mbili.

Mkishajua hilo, mtaelewa nilivyolitunza daftari lile. Neno likikosewa herufi moja nilifuta. Nikifuta mara mbili na karatasi ikachubuka, nilichana ukurasa na kuuandika wote upya, na kwa kuwa ukurasa ukitoka wa mkono huu, wa mkono ule nao unalegea, ilinibidi niuandike ule nao. Mama aliona vipande vya karatasi chini ya kitanda akasema, "Wewe hutaki kuandika. Unataka kuwa umeshaandika."

Hata kuhesabu kulitugombanisha. Mimi nilitaka tuhesabu mmoja mmoja, na kundi likiruka tuanze upya. Zuleha alihesabu kama mama yake anavyohesabu mashati ya beli, yale mabunda ya mitumba: anaona fungu la kumi, analishika kwa macho, analipima juu ya fungu la pili na la tatu, kisha anasema, "Sitini na kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo ni kidogo. Andika sitini na nne ufurahi."

Alikuwa pia na darubini ya kuchezea, ya plastiki nyekundu, iliyotoka mfukoni mwa jaketi la mtoto ndani ya beli. Jicho moja la darubini hiyo lilikuwa limepasuka. Tuliipokezana kwa heshima kubwa.

Mwezi wa Novemba Mwalimu Nafula alileta habari. Januari watu wangekwenda kuhesabu ndege wa majini kwenye mabwawa ya majitaka kule Ruai, kama wanavyofanya kila mwaka, na yeye ameruhusiwa kuja na wanafunzi wawili. Atawachagua kwa daftari. Kila mtu aligeuka kututazama. Hatukuwa na mpinzani. Aliyetufuata alikuwa Kevo wa ploti ya jirani, ambaye daftari lake lilikuwa na kurasa tatu na moja ilikuwa na mchoro wa mpira. Zuleha hakuzungumza jambo jingine tangu siku hiyo. Alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Alimwomba mama yake buti za mvua, akazivaa ndani ya nyumba, akapanda nazo ngazi mpaka juu, akazifundisha kutembea.

Ilibaki siku moja tupeleke daftari. Jua lilikuwa linaelekea magharibi na nguo zilikuwa zimekauka. Zuleha alinishika mkono.

"Karani, andika. Shakwe mmoja."

"Nani?"

"Shakwe. Ndege wa baharini. Yule pale, juu ya tangi la kina Kevo. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo wa njano una doa jekundu huku chini, kama mtu aliyekula chipsi akasahau kujipangusa tomato."

Nilitazama. Niliona kitu cheupe chenye weusi.

"Hapa hakuna bahari," nikasema.

"Sijasema kuna bahari. Nimesema kuna shakwe. Kwa mamangu mdogo Mombasa wanakaa juu ya mapaa hivi hivi, wanangoja watu wa samaki wazubae."

"Huyo ni yangeyange, ameingia kwenye moshi."

"Macho yako ndiyo yameingia kwenye moshi. Andika bwana, nashuka kukunja nguo."

Niliandika: Shakwe, 1. Mstari wa mwisho wa ukurasa safi kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika. Halafu nikakifungua kitabu nitafute rangi ya miguu yake. Hakuwamo. Nilitafuta mbele, nikatafuta nyuma. Walikuwamo korongo, bata, vitwitwi wa kila namna, kisha moja kwa moja njiwa. Shakwe hakuna. Yule ndege akaruka, akapita juu ya kichwa changu polepole, mkubwa, na mimi niliyekuwa nimesimama chini yake nikainamia kitabu kumtafuta.

Nikaanza kuogopa. Akilini nilimwona Mwalimu Nafula akifika kwenye mstari ule, akikunja uso, akiuliza habari za miguu. Nilimwona akigundua kwamba sioni. Basi nikatoa kifutio na kumfuta, taratibu, kwa ncha, karatasi isichubuke. Nikapuliza vumbi la mpira. Ukurasa ukabaki safi kabisa.

Kesho yake chama kilikutana. Mwalimu alisoma daftari letu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na Zuleha alikaa mbele amenyoosha shingo kama anayesomewa jina lake kwenye redio. Mwalimu alipomaliza, Zuleha akainua mkono.

"Mwalimu, umemruka shakwe."

"Shakwe yupi?"

"Wa jana. Alikuwa juu ya tangi."

Nyuma mtu akasema, "Manze, Kayole iko na bahari siku hizi," na darasa zima likacheka. Mwingine akauliza meli zinatia nanga stejini au sokoni. Mwalimu aliwanyamazisha, akanigeukia mimi.

"Uliona shakwe?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema niliona kitu cheupe. Nilisema, "Hapana, Mwalimu. Hakukuwa na shakwe."

Zuleha alinitazama kwa namna ya mtu anayesubiri umalize mzaha. Mwalimu Nafula hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa. Alisema hesabu ya Ruai inatumiwa na watu wengine wanaoiamini, na mtu akitia ndani ndege wa kufikirika tu, anawaharibia wote. Akasema Zuleha angoje mwaka mwingine. Kevo angekwenda badala yake. Kevo mwenyewe alishtuka, akatazama nyuma kuona kama kuna Kevo mwingine.

Tulipotoka, Zuleha akaninyooshea mkono. "Nipe daftari. Na kifutio."

Nilimpa. Aliliweka jalada juu ya goti, akafuta jina lake, herufi moja moja, mpaka likaisha. Alifuta vizuri kuliko mimi. Akanirudishia vyote viwili akaenda zake.

Likizo nzima ya Desemba hakupanda juu. Nguo zao alikuja kuzianua ndugu yake mdogo, ambaye alikuwa ameagizwa asinisalimie na kwa sababu ya umri wake alinitangazia agizo hilo kila mara: "Nimeambiwa nisikusalimie." Mimi nilisimama ukutani na daftari. Timbo lilijaa madoa ya kahawia. Sikuweza kuandika lolote.

Siku ya Ruai tulibebwa kwenye pikapu asubuhi na mapema. Mabwawa yale ni makubwa, moja baada ya jingine, na harufu yake inakuja kukupokea mbali. Kevo alisema ni kama choo cha shule kimekwenda chuo kikuu. Lakini ndege walikuwa maelfu. Hata mimi nilijua, maana nilisikia: mlio wa maji yaliyopigwa na mabawa mengi kwa pamoja, kama makofi ya mkutano.

Nilipewa kazi ya kumwandikia Bi. Mwende, mama mmoja mfupi aliyevaa kofia ya mkulima na kutazama kwa darubini kubwa ya miguu mitatu. Aliniambia, "Mimi nasema, wewe unaandika, hatubishani." Akaanza. Na nilichokisikia kikanifanya niinue kichwa.

"Domo-kijiko, kumi, ishirini, thelathini, arobaini… mia mbili na kidogo. Andika mia mbili na kumi."

"Unawahesabu kumi kumi?"

"Sasa wewe ungewahesabu vipi, uwaulize majina?"

Niliandika. Tuliendelea hivyo kama saa nzima, bata, vitwitwi, heroe wachache waliosimama mbali kama nguo za waridi kwenye kamba. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Shakwe. Mgongo mweusi. Mmoja."

Kalamu yangu ikasimama.

"Shakwe si wa baharini?" nikauliza.

"Ndiyo, na yeye anajua hivyo. Lakini safari ni ndefu. Wanakuja mpaka huku, kila mwaka kuna kadhaa. Njoo umwone."

Niliweka jicho kwenye darubini. Bi. Mwende akazungusha kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona ndege. Namaanisha nilimwona kweli, unyoya kwa unyoya, upepo ukimchokora shingoni. Mgongo ulikuwa mweusi kama koti la hakimu. Mdomo ulikuwa wa njano, na chini yake, karibu na ncha, palikuwa na doa jekundu. Tomato. Nilisikia sauti ya Zuleha ikilisema neno hilo, na machozi yakaanza kuharibu darubini ya watu.

"Ni vumbi?" Bi. Mwende akauliza.

"Ndiyo," nikasema. Kisha nikasema, "Hapana."

Mwalimu Nafula alikuwa anagawa mkate na soda kwenye pikapu. Kutoka nilipokuwa hadi pale hapakuwa mbali, ila nilisimama mara tatu njiani. Nilijua nikisema, atajua la shakwe, na akijua la shakwe atauliza la miguu ya bata na macho ya njano, na daftari zima litaanguka. Nilikaribia kugeuka. Nilichofikiria ni zile buti za mvua, ziko nyumbani chini ya kitanda, hazijawahi kukanyaga tope.

"Mwalimu," nikasema, "shakwe alikuwepo. Nilimfuta."

Alilichukua daftari nililokuwa nalo kwapani, akalifungua kwenye ule ukurasa, akauinamisha mbele ya jua. Kalamu ya risasi huacha mkwaruzo hata ukifuta rangi yake yote ya kijivu. Alisoma kwa kidole: sha, kwe. Moja. Nikamwambia na mengine, yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Alipomaliza kusikiliza akakaa kwenye ukingo wa pikapu.

"Na mimi nimekosa," akasema. "Niliamini mwandiko. Jumatatu utasimama mbele ya wenzako useme hivi hivi. Na mimi nitasema yangu."

Kevo alikuwa pale muda wote, mdomo umejaa mkate. "Kwa hiyo hata mimi nimekuja bure?" akauliza. Akachukua kipande kingine.

Jumatatu nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba nikaiandika upya mara nne, lakini niliposimama niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikasema tu. Walicheka, kisha Mwalimu Nafula akasema yake, wakaacha kucheka, maana hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mwalimu akimwomba mwanafunzi radhi. Zuleha hakutabasamu. Alisimama alipokuwa.

"Mdomo ulikuwa na rangi gani?" akaniuliza.

"Njano."

"Na doa?"

"Jekundu."

"Upande gani?"

"Chini. Karibu na ncha."

"Haya. Sasa umemwona," akasema, akakaa.

Msije mkadhani tulimaliza hapo. Alirudi juu ya ploti baada ya wiki mbili, lakini na daftari lake mwenyewe, na mwandiko wake ule wa kuku, na alisimama upande wa pili wa mashuka. Januari iliyofuata Mwalimu alimchukua yeye wa kwanza, akamwambia achague wa kumwandikia. Alimchagua Kevo. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kevo hajui kitu na anajua hajui. Nitalala usingizi." Nilibaki nyumbani, nikawatazama wakipanda pikapu, yeye na buti zake, ambazo sasa zilimbana vidole na hakukubali kuzivua. Iliniuma, na wakati huo huo nilifurahi. Sikujua mtu anaweza kuwa na mambo hayo mawili tumboni kwa pamoja.

Miwani nilipata kidato cha kwanza. Nilitoka dukani nikasimama barabarani kutazama mti, kwa sababu ulikuwa na majani, moja moja, mpaka juu. Na kitabu changu nilikuja kugundua baadaye kabisa, nilipokuwa mkubwa wa kutosha kutazama namba za kurasa. Ziliruka. Kati ya vitwitwi na njiwa kulikuwa na kurasa zilizong'olewa. Labda muuzaji alifungia karanga. Shakwe wote, na ndugu zao membe wote, waliondoka humo kabla sijakinunua. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba kisichokuwa kitabuni hakipo, na sikuwahi kukiuliza kitabu chenyewe kama kiko kizima.

Lakini hilo silo lililonichukua miaka kuelewa. Kwa muda mrefu nilidhani nilimkosea Zuleha kwa kumnyima safari. Safari aliipata. Nilichomnyima ni kuaminiwa macho yake, mbele ya watu, na mtu pekee aliyekuwa amesimama naye. Mimi nilikuwa shahidi wake. Sikuwa karani.

Timbo limejazwa udongo sasa, na juu yake pana maghorofa yenye kamba zake za nguo. Zuleha, aliyechukua miaka kurudi upande wangu wa mashuka, ana duka lake la mashati, na Januari huwa analifunga siku moja tunakwenda Ruai. Yeye anaona, mimi naona pia, tunahesabu kumi kumi, na tukitofautiana tunaandika hesabu zote mbili. Bado mimi ni mtu wa wasiwasi. Bado naandika ujumbe wa simu mara tatu kabla ya kuutuma, na mteja akirudi dukani moyo wangu unaruka hata kama amekuja kununua chaja. Kilichobadilika ni kimoja: nikikosea, nasema siku hiyo hiyo.